Mlango Ulioumwa na Mafuta

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na mikeka yao, na kila mmoja akijua kwa harufu tu jirani yake amepika nini, palikuwa na nchi moja ya miombo iliyotawaliwa na Mtemi Nyati. Kaeni vizuri basi. Na asiniulize mtu nyati anakaaje kwenye kiti. Alikaa, imetosha.

Katika nchi ile palikuwa na ghala la mbegu, juu ya kilima. Lilijengwa kwa udongo mnene, halikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa mmoja tu, mwembamba, wenye miimo miwili ya mninga iliyokuwa myeusi kwa uzee. Nyumba ya mlinzi wa ghala iliegemea ukuta uleule, paa moja limefunika zote mbili.

Mlinzi mwenyewe alikuwa Bi Sange. Mnamjua sange? Ni yule mdogo, pua ndefu kama mtu anayetaka kukuuliza jambo, miguu kama vijiti, mbio kama mshale. Bi Sange alikuwa mjane mwenye watoto. Kazi ya kulinda mbegu aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliirithi kwa bibi yake.

Desturi ya ghala ilikuwa hivi. Siku ya kufunga mavuno, Mtemi mwenyewe huingia na kibuyu cha mbegu ya mtama na kukiweka ndani. Mvua ya kwanza ikinyesha, Mtemi yuleyule huingia tena na kukitoa. Akikitoa, nchi nzima inapanda. Asipokitoa, hakuna anayegusa jembe. Hatumwi mke, hatumwi mtoto, hatumwi mpishi.

Mpishi! Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mpishi wa Mtemi alikuwa Bwana Fisi. Msiulize nyama. Katika nchi ya wanyama watupu, nani angekaangwa? Fisi wa siku zile alikuwa ameshagundua kwamba mafuta yanamtosha. Alimpikia Mtemi chapati za samli, maandazi, vitumbua, bagia, mihogo ya kukaanga na wali unaong'aa kama paji la uso la bwana harusi. Chai yake ilikuwa na sukari nyingi hata nyuki waliacha maua wakaja jikoni. Mboga za majani hakuzipika kabisa. Alisema mchicha ni chakula cha waliokosa, na Mtemi hajakosa.

Nitawaambia siri yake. Makombo ya Mtemi yalikuwa haki ya mpishi. Kwa hiyo Fisi alipika chungu kikubwa kila siku, Mtemi akala mpaka akashindwa, na kilichobaki kikaenda nyumba ya Fisi. Akipika kingi, kinabaki kingi. Ndiyo akili yake yote hiyo, wala haikuwa na kina zaidi ya hapo.

Basi Mtemi akanenepa. Akanenepa tumbo, akanenepa shingo, akanenepa hata kope. Akipanda ngazi ya baraza unamsikia kabla hujamwona: hee-huu, hee-huu. Akikaa kusikiliza kesi, maneno mawili tu, khrrr, amelala. Kobe na Nungunungu walikuwa na kesi ya kisima, na kila wakiileta Mtemi analala, wakarudi nyumbani na kiu yao.

Siku moja Tumbili alisema hadharani kwamba Mtemi amenenepa kupita kiasi na atakuja kuugua. Alisema kweli, tena kwa nia njema. Alifukuzwa ng'ambo ya mto jua likiwa bado halijachwa. Tangu siku ile watu wote wakawa na ulimi mmoja. Mtemi amependeza, walisema. Mtemi ameng'aa. Heshima imemkaa mwilini.

Ikafika siku ya kufunga mavuno.

Ngoma zililia, di-di-dim, watu wakajaa kilimani. Mtemi akachukua kibuyu cha mbegu kwa mdomo, akainamisha pembe, akaingiza kichwa mlangoni. Kichwa kikapita. Shingo ikapita kwa shida. Mabega yakafika kwenye miimo, na hapo, kwi, yakakwama.

Akasukuma. Miimo haikusogea. Akavuta. Yeye mwenyewe hakusogea. Kibuyu kikamponyoka mdomoni, kikaviringika ndani, goro-goro-goro, kikasimama penyewe katikati ya ghala. Kwa hiyo mbegu ilikuwa imeingia. Aliyekuwa hajui aingie au atoke ni Mtemi.

Ilibidi walinzi wamshike mkia wavute. Shuupu! Akatoka, akakaa chini kwa kishindo, vumbi likapanda. Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa Nguchiro alitaka kucheka, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Fisi akajitokeza mbele. Alikata ufito mbichi kichakani, akauweka kwa mlalo kutoka mwimo mmoja hadi wa pili, akaukata sawasawa na upana wa mlango. Kisha akauinua juu ili kila mtu aone.

"Tazameni," akasema. "Hiki ndicho kipimo cha mlango wanaotaka Mtemi wetu apite. Mlango wa banda la kuku! Hii ni dharau. Mlango uvunjwe kesho, tuweke mwingine mpana unaolingana na mkubwa wetu."

Watu wakaguna kukubali, maana nani angekataa? Lakini Fisi alikuwa na lake. Ndani ya lile ghala mlikuwa na ufuta na karanga za mbegu, na kwa muda mrefu alikuwa ameota kuzikamua mafuta. Yeye pia hakuwa akipita kwenye ule mlango. Mlango mpana ungemfaa Mtemi mchana, na ungemfaa Fisi wakati mwingine wowote.

Bi Sange akatoka mbele ya watu, akapiga goti. Akamweleza Mtemi kwa adabu kwamba ile miimo ndiyo iliyobeba paa. Ikivunjwa, paa la ghala litashuka, na nyumba yake na wanawe itashuka pamoja nalo. Mbegu zitabaki wazi kwa fukusi na kwa mvua. Mlango huu, alisema, umepitisha watemi wote waliotangulia.

Mtemi akamtazama kwa macho mekundu.

"Unasema kosa ni la mlango, au unasema kosa ni langu?"

Miguu yote ilirudi nyuma. Bi Sange alitazama chini kule mtoni, akaona moshi mwembamba wa jiko la Tumbili ng'ambo ya pili. Mimi nampenda anayesema neno lake wazi, na Bi Sange alikuwa wa namna hiyo. Lakini neno la wazi lilikuwa limeshasemwa katika nchi ile, na sasa lilikuwa linapika peke yake ng'ambo ya mto.

Basi akainuka polepole. Akaenda mlangoni, akaweka sikio kwenye mwimo. Akanusa kwa ile pua yake, fss, fss, juu mpaka chini. Kisha akatikisa kichwa kama mganga aliyefika amechelewa.

"Mtemi wangu," akasema, "kosa ni la mlango. Mlango unaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Umesinyaa. Mti huu wa mninga hauvumilii harufu ya mafuta wala ya sukari. Anayeingia akiwa nayo, mlango unajikunja kama konokono. Mafuta ya jikoni yameupata."

Fisi akacheka kicheko chake kile mnachokijua. Akauliza tangu lini mti ukawa na pua.

"Bwana Fisi, wewe umeupima sasa hivi," Bi Sange akamjibu. "Ni mwembamba au si mwembamba?"

"Mwembamba sana."

"Na Mtemi alikuwa akipita kila mwaka au alikuwa hapiti?"

"Alikuwa akipita."

"Basi mlango umekuwaje kama haukusinyaa? Sema wewe."

Jibu la pili analijua kila mtu, na kila mtu alikuwa anatazama kwato zake. Mtemi akashusha pumzi. Mlango mgonjwa lilikuwa jambo analoweza kulivumilia.

"Una dawa yake?" akauliza.

"Ninayo. Nipe mpaka mvua ya kwanza. Siku hiyo mlango usipokupitisha, uvunjwe, na mimi nitawabeba wanangu nihame nchi hii. Lakini ukikupitisha, mlango ubaki, na Bwana Fisi akabidhi mwiko wa jiko lako kwa mkeo, mama wa nyumba."

Fisi alikubali haraka. Kwake ilikuwa kama kuahidiwa sahani ya pili. Akauchukua ule ufito akaenda nao nyumbani, akautumia kuopolea maandazi kwenye mafuta. Bi Sange aliona ulikokwenda.

Kesho yake dawa ikaanza. Mlango, alisema Bi Sange, una kiu. Unataka maji ya chemchemi ya bondeni, asubuhi na jioni, yaletwe na yule atakayeingia na si mwingine. Kwa hiyo Mtemi Nyati, mwenye walinzi na watumishi, akajitwika mtungi akashuka bondeni na kupanda nao kilima. Siku za mwanzo alipumzika kila penye kivuli, hee-huu, hee-huu, nusu ya maji ikamwagikia masikioni. Akifika, Bi Sange anamimina yaliyobaki chini ya kizingiti, anaweka sikio, anasema mlango umeshukuru.

Kisha likaja suala la chakula. Anayeingia, alisema Bi Sange, lazima anukie kama vitu vilivyomo ndani ya ghala, mlango umtambue. Kwa hiyo ugali wa mtama ule, lakini bonge lisizidi ukubwa wa ukwato wako. Kunde, choroko na maharage ule. Karanga, konzi moja, usizikaange. Na kwa vile mlango ulikuwa mti na bado unakumbuka majani, nusu nzima ya sinia iwe mboga: mchicha, mlenda, kisamvu, majani ya maboga. Ukitaka kitu kitamu, papai lipo. Chai unywe bila sukari, na kiu ikatwe kwa maji.

Mtemi akauliza kama mlango una chuki na kitumbua kimoja tu, kidogo.

"Mtemi wangu, mlango hauna chuki na mtu. Unasinyaa tu."

Na jambo la mwisho, akamwambia, mlango hauvumilii mlio wa kubeua kwa shibe. Uondoke kwenye mkeka ungali unaweza kula matonge mengine mawili matatu. Chakula cha jioni kiishe jua likiwa bado linaonekana, maana mlango unalala mapema.

Kazi ya kupika chakula cha mlango akapewa mke wa Mtemi, Bibi Nyamizi, aliyekuwa na mkono mwepesi wa mboga kabla Fisi hajamtoa jikoni. Siku ya kwanza alimfuata Bi Sange chemchemini, akamshika mkono.

"Mwenzangu, hebu niambie. Huo mlango unaumwa kweli?"

"Unaumwa vibaya, dada yangu. Hata usiku haulali, unakoroma."

Bibi Nyamizi akajifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika. Tangu hapo hakuuliza tena.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Kichwa kilimgonga Mtemi kwa kukosa sukari. Alimfokea kila mtu, akaupiga teke mtungi, akasema mlenda unateleza kama kesi ya Kobe. Usiku alimwota Fisi amebeba sinia. Lakini mlango ulikuwa ni wake, na aibu ya kuvutwa mkia mbele ya watu wake alikuwa hajaisahau. Akala, akachota, akapanda.

Fisi yeye aliendelea kukaanga. Alisema wageni hawakosekani, na Mtemi atarudi tu. Mtemi hakurudi. Sasa fikirini wenyewe: makombo ni haki ya mpishi, na Mtemi hagusi kitu, basi chungu kizima ni makombo. Fisi akala chapati za Mtemi, maandazi ya Mtemi na wali wa Mtemi, kila siku, mpaka kiti chake jikoni kikaanza kulia, ngwii, kila akikikalia.

Lakini hakuwa mjinga moja kwa moja. Aliona Mtemi anapanda kilima bila kupumzika penye kivuli, akaogopa. Asubuhi moja akamvizia njia ya chemchemi na bakuli limefunikwa kawa vizuri. Akalifunua kidogo tu, harufu ikatoka. Vitumbua, vya moto, vyenye iliki.

Fisi alimsikitikia sana Mtemi. Alisema hajapata kuona mkubwa anayelishwa majani kama mbuzi wa kafara. Alisema hapo mlango uko mbali, hauoni.

Mtemi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Nyam, nyam, nyam, bakuli likawa tupu. Akajifuta mdomo, akajitwika mtungi, akapanda kilima na uso wa mtu asiyejua kitu.

Bi Sange alimpokea mtungi. Akaanza kumimina maji, mara akasimama. Kwenye ndevu za Mtemi, chini ya kidevu, kulikuwa na sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye nyasi, wakapanda mguu, wakapita kifuani, wakaingia ndevuni, kila mmoja na chembe yake ya sukari. Mtemi hakuwahisi kwa unene wa ngozi yake.

Bi Sange akaweka sikio kwenye mwimo. Akakaa hivyo kitambo kirefu mpaka Mtemi akaanza kutokwa jasho.

"Umesemaje?" Mtemi akauliza.

"Unalia."

"Unalia nini?"

"Unasema leo kuna aliyekula vitumbua njiani. Vya iliki."

Mtemi akaangusha kifuniko cha mtungi. Akaapa hatarudia, akaapa kwa mlango wenyewe, akataka kuukumbatia. Kesho yake Fisi alipomsogelea na bakuli lingine, Mtemi alimpungia pembe kwa mbali, akamwambia anyamaze kabisa, mlango unasikia mpaka bondeni.

Mwezi ulipoandama, Mtemi alikuja kupima mabega yake kwenye miimo. Bado. Mwezi uliofuata akaja tena. Mabega yakaingia, tumbo likakataa. Alirudi nyumbani akiimba. "Unafunguka," alimwambia mkewe, "mti ule unapona, nimeuona kwa macho yangu." Bibi Nyamizi akamwambia ndiyo, baba, hata yeye ameona, kisha akageukia chungu haraka.

Mambo mengine nayo yalianza kuonekana. Mtemi aliacha kukoroma. Alipanda ngazi ya baraza na hakuna aliyemsikia mpaka akasalimia. Kobe na Nungunungu walipoleta tena ile kesi ya kisima, walishtuka kumkuta Mtemi yuko macho. Aliwasikiliza mwanzo mpaka mwisho, akawauliza maswali, akaamua wachote kwa zamu, kesi ikaisha pale pale. Kobe alitoka nje akakaa chini, hajui afanye nini na maisha yake bila kesi. Shuka ambayo Mtemi aliifunga kwa shida sasa ilimzunguka mara mbili. Wake wa nchi nzima wakawa wanaomba kwa Bibi Nyamizi mbegu za mchicha, wakisema hata milango ya nyumba zao haijisikii vizuri.

Kisha mawingu yakaja.

Yalikusanyika mchana kutwa, ngurumo zikaviringika, na alfajiri mvua ya kwanza ikapiga ardhi, pa, pa, papapapa. Ilipokatika, kilima kilikuwa kimejaa watu wenye majembe begani. Bi Sange alikuwa amewafunga wanawe vifurushi vyao mgongoni. Neno alilosema alilisema, na kama mlango ungekataa angeondoka kabla ya jua kupanda. Pua yake ilikuwa inatetemeka ncha. Alijua amemdanganya Mtemi. Alijua pia kwamba bado hajamwona Mtemi akipitisha tumbo.

Fisi alifika na shoka. Alipanda kilima taratibu sana siku ile. Hee-huu, hee-huu.

Mtemi akainamisha pembe. Kichwa, kikapita. Shingo, ikapita. Mabega, swaa, yakapita kama maji. Tumbo likafika kwenye miimo. Watu wakaacha kupumua. Akavuta pumzi, akajikaza, na mara mkia ukaonekana unapungapunga mlangoni, na mara haukuonekana tena.

Kwato zikasikika ndani, ko, ko, ko.

Akatoka na kibuyu mdomoni.

Weee! Vigelegele vilipasuka, ngoma zikapigwa na wasiojua kupiga, Nguchiro wakarukiana. Bi Sange alikaa chini bila kukusudia. Mtemi aliuweka mgongo wake kwenye mwimo, akausugua kwa mapenzi, akatangaza kwamba mlango umepona na nchi itapanda.

"Subirini," Fisi akasema.

Akasimama katikati, shoka mkononi. Akasema mti haunenepi wala haukondi, yeye si mtoto. Kama mlango umepanuka, basi kuna aliyeuchonga. Na aliyeuchonga ni yule anayelala ukuta mmoja nao, mwenye meno madogo makali. Bi Sange amechonga mlango wa mbegu, akasema, na adhabu ya kuugusa mlango wa mbegu inajulikana na wote.

Ilijulikana. Ilikuwa kufukuzwa nchini, mama na watoto, bila kurudi. Vigelegele vikafa. Uso wa Mtemi ukabadilika.

"Bi Sange," akasema, "umeuchonga?"

Bi Sange akainuka, akajikung'uta vumbi.

"Kabla sijajibu, Mtemi wangu, naomba kitu kimoja kutoka jikoni kwa Bwana Fisi. Ule ufito anaoopolea maandazi."

Bibi Nyamizi mwenyewe akaenda kuuchukua. Ufito ulikuwa mweusi kwa moshi na unateleza kwa mafuta, lakini ulikuwa uleule, umekatwa na Fisi kwa mkono wake mbele ya watu wote. Fisi aliutazama ukija kama mtu anayemwona mkwe asiyemtarajia.

"Bwana Fisi," Bi Sange akasema, "huu ni nini?"

"Ni ufito tu."

"Wa nini?"

Akajibu mtoto wa Nguchiro, na safari hii mama yake hakumziba mdomo. Akasema ni kipimo cha mlango, siku ile Mtemi alipokwama.

Bi Sange akampa Mtemi ufito. Mtemi akauweka kwa mlalo kutoka mwimo hadi mwimo. Ukaingia sawasawa, tki, ukashika. Haukubaki na nafasi hata ya unywele. Akautoa, akaugeuza, akauweka tena. Tki.

Mlango haukuwa umepanuka. Haukuwa umesinyaa. Ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote.

Mtemi aliutazama ufito. Akaitazama miimo. Kisha polepole sana akainamisha kichwa, akatazama tumbo lake, na shuka iliyomzunguka mara mbili.

"Umenidanganya," akasema.

"Ndiyo, Mtemi wangu. Nimekudanganya. Mlango haujawahi kuumwa." Sauti ya Bi Sange ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Aliyeumwa ulikuwa wewe, na aliyekuambia hivyo anaishi ng'ambo ya mto. Nikasema niuambie mlango, wewe usikie. Na bibi yangu aliniachia neno kuhusu mlango huu. Wazee wa kale waliutengeneza mwembamba kwa makusudi. Mtemi anayekula kupita watu wake wakati wa kiangazi, asiifikie mbegu yao."

Matone yaliyobaki kwenye nyasi za paa yalikuwa yakidondoka moja moja.

Mtemi akaanza kutoa sauti. Wengine walidhani anakoroma. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema amembembeleza mti miezi yote hiyo, ameuombea afya, ameuapia kuhusu vitumbua, na mti wa watu umekaa tu unamtazama. Hapo watu wakacheka na wao, kicheko walichokuwa wamekiweka tangu siku ya mkia.

Akatuma mjumbe mtoni aende akamwite Tumbili arudi nyumbani. Akawafungua watoto wa Bi Sange vifurushi vyao kwa pembe zake mwenyewe. Kisha akamgeukia Fisi.

Akamwambia kwamba yeye hapendi kuonea. Ndani kuna kibuyu cha pili, cha mbegu ya kunde. Bwana Fisi aingie akilete, na akipita tu, mwiko wa jiko abaki nao.

Fisi aliutazama mlango. Akalitazama tumbo lake. Akautazama mlango tena. Akasema kwamba leo miguu inamuuma kidogo, na mvua hii, na umande.

Bibi Nyamizi akanyoosha mkono, Fisi akamkabidhi mwiko. Na kabla hajageuka aondoke, Bi Sange alikuwa ameshamletea ule mtungi wa chemchemi, akamtwika kichwani vizuri, akamwelekeza uso bondeni.

"Nichote mpaka lini?" Fisi akauliza.

"Mpaka mlango upone," akasema Bi Sange.

Mbegu zikapandwa, mtama ukaota, na hadithi yangu nayo imepita mlangoni bila kuvutwa mkia. Mkiona mlango umekuwa mwembamba, msiukimbilie kwa shoka. Tazameni kwanza sinia lenu.